Mwaka 1855 ulioandikwa kwenye bastola si mwaka iliyotengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo lililochapishwa katika gazeti lako wiki mbili zilizopita. Ilielezwa kwamba bastola ndogo iliyohifadhiwa na familia moja ya Mji Mkongwe ni zawadi ambayo Seyyid Said bin Sultan alipewa na wafanyabiashara wa Kimarekani, na kwamba ushahidi wa maneno hayo ni mwaka 1855 uliochorwa kwenye chuma chake, yaani mwaka mmoja kabla ya Seyyid Said kufariki dunia. Mwandishi wako hakusema uongo, wala Bibi mwenye bastola, ambaye namheshimu sana, hakusema uongo, kwa sababu mwaka huo umeandikwa kweli na katika picha mliyoitoa unasomeka hata bila ya miwani. Kosa liko katika kudhani kwamba mwaka ule uliwekwa pale kueleza bastola ilitengenezwa lini.

Mimi ni fundi saa mstaafu. Kazi hiyo nimeifanya Mkunazini kwa miaka 40 na ushei, na kwa sababu ya kuzoea vyuma vidogo na maandishi madogo, watu walikuwa wakiniletea kila kitu cha zamani chenye parafujo: visanduku vya muziki, darubini za manahodha, makufuli ya masanduku ya Kihindi, na mara chache bastola kuukuu za babu zao. Silaha similiki hata moja, wala sijapata kumiliki. Ninachokusanya ni vipimo, michoro, picha, na karatasi nyembamba nilizozilaza juu ya maandishi ya chuma na kuzipitishia penseli mpaka herufi zikatokea. Karatasi hizo zimejaa mkebe mzima wa biskuti, na nyingi ni za bastola ndogo za mfukoni za karne ya 19, kwa sababu hizo ndizo zinazochanganya watu zaidi.

Tuanze na picha yenyewe. Bastola ya Bibi ina kasiba, yaani mtutu, ya pande nane. Silinda yake, yaani kile kipande cha kuzunguka chenye matundu ya risasi, ni laini, haina mifereji. Mpini ni wa mti wa rangi ya damu ya mzee unaofanana na sesemi, na umekatwa bapa kwa chini. Kifyatulio kinachomoza kama ukucha, bila ya duara la chuma la kukilinda kama lile tunaloliona kwenye bastola za leo. Juu, pale kasiba inapokutana na mwili, pana bawaba, na bawaba hiyo ndiyo inayomaliza maneno. Ukilifungua komeo dogo lililo chini, kasiba hupinduka juu kama kifuniko cha kijaluba, silinda ikakutoka nzima mkononi, na maganda matupu ukayasukuma moja baada ya moja kwa ufito mfupi uliokazwa chini ya kasiba. Silinda ina matundu saba, na kila tundu ni dogo kiasi cha kutoingia penseli ya mtoto wa skuli. Hiyo ni Smith & Wesson Nambari 1, bastola ya kwanza ya silinda ya Horace Smith na Daniel Wesson wa Springfield, Massachusetts, na bila ya shaka ni miongoni mwa bastola zilizosambaa sana ulimwenguni katika zama zake.

Bastola hiyo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1857. Seyyid Said alifariki baharini, akirudi kutoka Maskati, mwezi wa Oktoba 1856, na mwili wake ukaletwa kuzikwa hapa Unguja. Mtu hawezi kupewa zawadi ya kitu ambacho hakijatengenezwa, naye mwenyewe keshazikwa.

Sasa huo mwaka 1855 umetoka wapi? Kabla ya hapo, bastola nyingi za silinda zilishindiliwa kwa mbele: baruti kwanza, kisha risasi, na nyuma ya kila tundu ukapachika fataki, kikofia kidogo kinachotoa moto kikigongwa. Silinda haikupenya, kwani upande wa nyuma ulikuwa umezibwa isipokuwa kitundu cha kupitishia moto wa fataki. Mmarekani mmoja aitwaye Rollin White alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya silinda ambayo matundu yake yanapenya moja kwa moja kutoka nyuma hadi mbele, na hataza hiyo ni ya tarehe 3 Aprili 1855. Smith na Wesson walikuwa na risasi yao ndogo iliyokamilika ndani ya ganda la shaba, baruti na fataki vyote humo humo, lakini hawakuweza kuitumia katika bastola ya silinda bila ya ruhusa ya White. Wakakubaliana wamlipe senti 25 kwa kila bastola, na kwa sharti hilo tarehe ya hataza ikachorwa kwenye silinda ili kuwatahadharisha waigaji. Kwa hiyo 1855 ni mwaka wa karatasi ya haki iliyosajiliwa serikalini. Hata bastola iliyotoka kiwandani miaka kumi baadaye ilibeba mwaka ule ule.

Nitoke nje ya njia kidogo, kwani kisa cha White kina uchungu wake. Mkataba ulimtaka yeye mwenyewe abebe gharama za kuwashitaki waigaji, na waigaji walikuwa wengi, hivyo fedha nyingi alizopata zikaishia mahakamani. Hataza ilipomalizika mwaka 1869 aliomba iongezwe muda, Bunge la Marekani likakubali, lakini Rais Ulysses Grant akakataa kutia saini Januari 1870. Kuanzia hapo kila kiwanda kikawa huru, na ndiyo maana bastola ndogo za bei rahisi za miaka ya 1870 na 1880 ni nyingi mno na majina yake hayana idadi.

Nirudi kwenye silinda ya Bibi. Silinda ni duara, na picha huonesha upande mmoja tu. Maandishi ya hataza kwenye bastola za namna ile hayakai mahali pamoja, bali huizunguka silinda kama mkanda, na bastola nyingi za toleo la pili huwa na tarehe tatu zinazofuatana: 3 Aprili 1855, 5 Julai 1859 na 18 Disemba 1860. Aliyepiga picha alielekeza kamera kwenye tarehe ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyosomeka. Ikiwa upande wa pili wa silinda ile pana hata alama ya 1860, basi bastola haikutoka kiwandani kabla ya mwisho wa mwaka huo, na mwenye zama hizo hapa kwetu alikuwa Seyyid Majid.

Najua hivi kwa gharama yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, na bado sijawa na kibanda changu, jirani yetu alileta bastola ya aina hiyo hiyo ikiwa imeganda kutu, akataka tu ing'are apate kuiweka kabatini. Niliiloweka katika mafuta ya taa siku tatu, kisha nikaichukulia msasa, wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, nikamalizia na dawa ya kusugulia masinia ya shaba. Ilitoka inameta. Jirani alifurahi, nami nikapewa chai na mkate wa kumimina, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa kazi ile. Nilichokuwa nimefanya ni kufuta tarehe mbili kati ya tatu. Kutu ilikuwa imekwisha kuzila kwa juu na msasa ukamalizia, ikabaki tarehe ya kwanza peke yake kwa sababu ilikuwa upande uliolalia kitambaa. Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba bastola ile ni ya mwaka 1855, nikiwaonesha na kidole! Ilinichukua zaidi ya miaka kumi kufahamu kosa langu, siku mgeni mmoja aliyeniletea saa yake kurekebishwa alipotoa kitabu chenye picha za bastola hizo nami nikaziona tarehe zote tatu zimepangika. Jirani alikuwa amekwisha hama, na bastola alikuwa ameikabidhi polisi kabla ya safari. Sina hata karatasi ya penseli ya maandishi yake, kwa kuwa wakati ule sikujua kwamba kuna cha kuandika.

Sababu ya jambo hilo kutokea mara kwa mara katika visiwa vyetu imo ndani ya ufundi wa bastola yenyewe. Mwili wa Nambari 1 ya toleo la kwanza na la pili ni shaba ya manjano iliyopakwa fedha, lakini kasiba na silinda ni chuma. Hewa yetu ya chumvi haiili shaba kama inavyokila chuma. Huitia kijani tu, ambayo kitambaa huitoa. Chuma huliwa. Kwa hiyo mtu hufungua sanduku la babu yake akakuta mwili ni mzima unang'ara, akaamini kwamba bastola yote imehifadhika vizuri, ilhali sehemu yenye maandishi ndiyo iliyoharibika. Makala yenu ilisema mwili umepakwa dhahabu. Ni shaba ambayo fedha yake imetoka kwa kushikwashikwa, na Bibi akitazama ndani ya pembe za kifuniko cha ubavuni, mahali ambapo kidole hakifiki, pengine ataikuta fedha ya asili, nyeusi kidogo kama bangili ya zamani.

Matoleo ya Nambari 1 ni matatu, na mtu akishayajua hayamchanganyi tena. La kwanza lina ubavu uliovimba na kifuniko kidogo cha duara, nalo liliisha mwaka 1860 baada ya bastola 11,671. La pili lina ubavu bapa na kifuniko kikubwa kisicho na umbo la kawaida, likaendelea mpaka 1868 na kupita bastola 110,000. La tatu lina kasiba ya mviringo yenye tuta jembamba juu yake, silinda yenye mifereji na mpini uliopinda kama kichwa cha ndege, likaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwa picha niliyoiona, ya Bibi ni la pili. Nambari yake huwa imepigwa chini ya mpini, kwenye shaba iliyo baina ya vipande viwili vya mti.

Hapa pana tahadhari. Jina lazima lisomwe juu ya kasiba, kwa sababu kiwanda cha Manhattan cha huko huko Marekani kiliiga Nambari 1 kiasi kwamba mtu akizitazama kwa mbali atadhani ni mapacha. Lakini hata ikithibitika kuwa ya Bibi ni ya waigaji, nakala haitangulii asili yake, na hoja yangu juu ya Seyyid Said inabaki pale pale.

Kwamba Seyyid Said alikuwa na urafiki na Wamarekani, hilo silipingi, na ningeona ajabu kama mtu angelipinga. Mkataba wa urafiki na biashara ulitiwa saini mwaka 1833. Mwaka 1840 jahazi lake la Sultana, likiwa na mjumbe wake Ahmed bin Naaman, lilifika New York. Merikebu za Salem ndizo zilizotuletea kitambaa tunachokiita merikani mpaka leo, na Salem na Springfield ni miji ya jimbo moja. Njia ya bastola kutoka kule kuja huku ilikuwepo, nami nasadiki kwamba ya Bibi ilipita njia hiyo au inayofanana nayo. Ninachokataa ni kulipachika jina la mtu mkubwa juu ya chuma kabla ya kukisoma chuma chenyewe.

Anayetaka kujua bastola ya silinda ambayo Seyyid Said angeweza kuishika akiwa hai atafute ya fataki. Colt ya mfukoni ya mwaka 1849, yenye matundu matano kwa kawaida na picha ya wanyang'anyi wanaoshambulia gari la farasi iliyochorwa kuizunguka silinda, ni ya wakati wake. Baadhi ya hizo zilitengenezwa London, katika kiwanda ambacho Samuel Colt alikifungua mwaka 1853 na kikafungwa miaka michache baadaye, na anwani ya London imeandikwa juu ya kasiba. Nambari ya Colt hupigwa kwenye vipande kadhaa, na fundi mwangalifu huvilinganisha kimoja kimoja, kwani bastola nyingi zimeunganishwa kutoka mabaki ya mbili au tatu. Nimepata kuona moja tu ya aina hiyo hapa Unguja, na nambari zake hazikuafikiana.

Nyingi zaidi nilizoletewa zilitoka Ubelgiji, katika mji wa Liège. Hizo ni za pini: kila risasi ina pini inayotokeza ubavuni mwa ganda, na ukingo wa silinda una mianya ya kupitisha pini hizo, ambazo nyundo huzigonga kutoka juu. Mafundi wa Liège walitengeneza mno namna hiyo kwa kufuata bastola ya Lefaucheux wa Ufaransa, na mara nyingi hakuna jina la fundi hata moja. Lakini kila iliyopita ukaguzi ina muhuri wa umbo la yai wenye herufi ELG na nyota. Kuanzia mwaka 1893 muhuri huo uliongezwa taji juu yake. Taji hilo ni dogo kuliko punje ya mtama, na kwa sisi wa hapa lina faida kubwa: bastola yenye taji haiwezi kuwa ya Seyyid Barghash, aliyefariki 1888, hata kama familia nzima itaapa. Niliwahi kumwambia mzee mmoja hivyo barazani kwake, akakasirika mpaka akanyanyuka, kisha baada ya siku mbili akanipelekea ujumbe niende tena na ile lenzi yangu.

Kuhusu zile zinazouzwa kwa watalii sina haja ya kurefusha. Parafujo yenye kichwa cha msalaba ni kitu cha miaka ya 1930 na kuendelea. Sumaku isiyonata kwenye kasiba inasema kwamba kasiba si chuma. Mstari mwembamba unaopita katikati ya mwili kama mshono wa kanzu ni alama ya kumiminwa katika kalibu. Kijana mmoja mwenye duka aliwahi kuniuzia maneno kwamba kitu cha namna hiyo kilitoka kwenye jumba la Mfalme, na bei yake ilikuwa ya Mfalme kweli.

Sasa naomba mambo mawili kwako, Ndugu Mhariri. Moja ni kwamba gazeti litakapoandika tena juu ya vitu kama hivi, liyatenge maneno ya familia na maneno ya chuma: yaandikwe yote mawili, kila moja mahali pake, kwa sababu kisa cha familia nacho ni historia hata pale tarehe inapokikataa. Yawezekana kabisa kwamba babu wa Bibi aliipata bastola hiyo kwa mtu wa jumba la Mfalme katika zama za Majid au Barghash, na kwamba jina la Said limeingia baadaye kwa sababu ndilo tunalolijua sote. Hilo ni jambo la kuulizana na wazee wa ukoo, nami si mtu wake.

La pili, nitashukuru ukimfikishia Bibi maombi yangu. Kama hajawahi kuiandikisha polisi, aanze na hilo, kwa kuwa bastola kuukuu pia ni silaha. Na asiruhusu mjukuu yeyote kujaribu kuifungua kabla haijathibitishwa na wanaohusika kwamba matundu yote saba ni matupu, maana risasi za zamani hubaki ndani bila ya mtu kujua. Ikishathibitishwa, naomba ipigwe picha nne za silinda, ikigeuzwa robo kila mara, na tochi iwekwe ubavuni ili mwanga upite juu ya maandishi badala ya kuyaelekea. Picha ya tano iwe ya chini ya mpini. Ikiwa nambari iliyopo hapo haifiki 11,672, nitakuwa nimekosea toleo, na nitaandika tena katika ukurasa huu huu kukiri. Msasa na dawa ya masinia visiisogelee. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa cha pamba linatosha kabisa.

Wako mtiifu,
Fundi saa mstaafu,
Mkunazini, Unguja